Kaseti Kuukuu Si Akiba ya Utepe Mtupu

Miongoni mwa watengenezaji wa muziki wanaotumia studio za nyumbani, yaani vyumba vya kuishi vilivyogeuzwa kuwa vya kurekodia kwa kompyuta moja, kipaza sauti kimoja na magodoro yaliyoegemezwa ukutani, ipo rai iliyokwisha kupata nguvu ya sheria: kwamba utepe wa sumaku hautengenezwi tena, kwamba viwanda vyake vilifungwa zamani, na kwamba anayetaka kurekodi kwa njia ya analojia hana budi kukusanya kaseti kuukuu majumbani, makanisani na sokoni, azifute, kisha azirekodie upya. Rai hiyo husikika popote penye wapenzi wa utepe, Ulaya kama Afrika Mashariki, lakini madhara yake hayalingani kila mahali. Katika mji wa Mbarara nchini Uganda, kuanzia eneo lake la Kamukuzi, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoko wilaya jirani ya Isingiro, kuifuata ni kukosea mara mbili kwa tendo moja, kwa sababu kaseti kuukuu ni malighafi mbovu ya kurekodia, na kwa sababu sauti iliyomo ndani yake huenda haina nakala nyingine popote duniani.

Neno analojia hapa lina maana ya kuhifadhi sauti kwa kufuatisha umbo la mawimbi yake bila kuyakatakata kuwa tarakimu. Utepe wenyewe ni ukanda mrefu wa plastiki, siku hizi poliesta, uliopakwa chembe za oksidi ya chuma zilizoshikamanishwa kwa gundi. Hedi ya mashine, ambayo ni sumakuumeme ndogo yenye ufa mwembamba, huzipanga chembe hizo kwa kufuata sauti inayoingia, na baadaye mpangilio huo husomwa ukarudishwa kuwa sauti. Fritz Pfleumer aliandikisha hataza ya utepe wa namna hiyo nchini Ujerumani mwaka 1928, na mwaka 1963 kampuni ya Philips ikaonyesha mjini Berlin ile kaseti ndogo ambayo ndiyo iliyokuja kuingia kila nyumba yenye redio Afrika Mashariki. Kati ya kaseti na riili ya studio, yaani utepe uliozungushwa kwenye gurudumu wazi, tofauti kubwa ni ya vipimo: utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita mbele ya hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ilhali utepe wa riili ya kawaida una upana wa milimita 6.35 na hukimbia kwa sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Kadiri utepe unavyokuwa mpana na wenye kasi, ndivyo chembe nyingi zaidi zinavyoibeba sauti ileile na ndivyo mvumo wa nyuma unavyopungua, kwa hiyo anayeutafuta ubora wa utepe ndani ya kaseti iliyochakaa anautafuta mahali ambapo ulikuwa haba tangu kaseti hiyo ilipokuwa mpya.

Dai la kwamba viwanda vimekwisha lina chanzo kinachojulikana. Mwanzoni mwa mwaka 2005 kampuni ya Quantegy ya Opelika, jimboni Alabama, iliyokuwa imerithi kazi ya utepe ya Ampex, ilifunga kiwanda chake na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Huko Ulaya kampuni ya Emtec, iliyokuwa imerithi kazi ya BASF, ilikuwa imekwisha kuanguka, na kwa kipindi kifupi ikaonekana kama dunia imebaki bila mtengenezaji mkubwa wa utepe wa studio. Wenye studio wakagombania mabaki, bei zikapanda, na habari ya kifo cha utepe ikaenea kote. Habari ya kufufuka kwake haikupata mbio zile. Ujuzi na zana za BASF na Emtec zilihamia Uholanzi, kisha zikaenda Avranches, katika eneo la Normandy nchini Ufaransa, ambako utepe unatengenezwa kwa jina la Recording The Masters, na mwaka 2018 watengenezaji hao wakaingia hata katika kaseti. Nchini Marekani, ATR Magnetics ya York, Pennsylvania, inatengeneza utepe wa riili, na National Audio Company ya Springfield, Missouri, iliyokuwa imezoea kununua utepe wa kujaza kaseti zake kutoka kwa wengine, ilianza mwishoni mwa muongo wa 2010 kupaka utepe wake yenyewe baada ya wauzaji hao kupungua. Viwanda hivi ni vichache na bidhaa zao ni ghali, lakini kitu ghali na kitu kisichokuwapo ni mambo mawili, na mabishano haya yote yamekuzwa na watu wanaoyachanganya.

Ipo sehemu moja ya rai hiyo inayostahili kukubaliwa. Kaseti za aina ya pili, zile za kromiamu au kobalti zenye uwezo mkubwa zaidi wa kuhifadhi sauti za juu, hazitengenezwi tena kwa kiwango cha kutegemewa, na zinazouzwa ni kwa kiasi kikubwa mabaki ya zamani ambayo hayajafunguliwa. Hasara hiyo huwaangukia wenye mashine za kaseti za njia nne za sauti, jamii ya Portastudio iliyoanzishwa na Tascam mwaka 1979, kwa kuwa nyingi kati yake ziliundwa zikitarajia kaseti za aina hiyo. Hata hivyo mwenye mashine kama hiyo anahitaji kaseti ambayo haijaguswa, na kaseti iliyopigwa miaka thelathini kwenye redio ya dukani haimtatulii shida yake.

Wanaohimiza ukusanyaji wa kaseti kuukuu huzungumza kana kwamba studio inakula utepe kama mashine ya kusaga inavyokula mahindi, na hapo hesabu yao inaanguka. Riili ya kawaida ya studio ina utepe wa mita 762, ambao kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde hutosha dakika 33, na kwa nusu ya mwendo huo hutosha zaidi ya saa nzima. Kaseti ya dakika 60, ikiwekwa kwenye mashine ya njia nne inayokwenda kwa kasi maradufu na kwa upande mmoja tu, hubaki na dakika 15, ambazo bado zinatosha nyimbo tatu. Zaidi ya hayo, studio ya nyumbani ya leo haiutumii utepe kama ghala. Wimbo hupitishwa kwenye utepe ili upate ile ladha inayotafutwa, kisha huingizwa kwenye kompyuta ambako ndiko utakakohaririwa na kusambazwa, na riili ileile iliyokwisha kazi hurudi kutumiwa kwa wimbo unaofuata. Kufuta utepe wa namna hiyo hakuna ubaya wowote, kwa sababu mwenyewe anajua kilichomo na amekwisha kukihamisha. Kwa utaratibu huo riili moja au mbili mpya huweza kuihudumia studio ndogo kwa muda mrefu, na hoja ya kwamba lazima kuwe na shehena ya kaseti za watu wengine inakosa pa kusimama.

Ladha yenyewe, ile inayoitwa joto la utepe, haina uchawi. Sauti inapozidi nguvu, chembe za sumaku hufika mahali ambapo haziwezi kupokea zaidi, kwa hiyo vilele vya mawimbi hulainika badala ya kukatika ghafla, na sauti za juu sana hupungua kidogo. Matokeo hayo hutegemea utepe ulio sawasawa na mashine iliyorekebishwa kwa ajili ya utepe huo, kwa kuwa wakati wa kurekodi sauti huchanganywa na mkondo wa masafa ya juu, uitwao bayasi, ambao kiwango chake hutofautiana kati ya utepe mmoja na mwingine. Rundo la kaseti za kampuni mbalimbali, za miaka mbalimbali, nyingine zilizovutika kwa sababu ni za dakika 120 na utepe wake una unene wa takriban mikroni 9 tu, haliwezi kurekebishiwa mashine hata moja; kinachopatikana ni sauti inayozama na kuibuka pale mipako ilipobanduka, mwangwi wa tabaka moja la utepe ulioambukiza tabaka la jirani, na mabaki ya wimbo wa kwanza yanayonong'ona chini ya wimbo wa pili kwa sababu hedi ya kufutia imechoka. Riili kuukuu nazo zina maradhi yao. Gundi ya baadhi ya riili za miaka ya 1970 na 1980, zikiwamo Ampex 406 na 456 zilizosifiwa sana, hunyonya unyevu wa hewa hadi utepe unanata na kuacha uchafu kwenye hedi, na tiba inayojulikana ni kuuoka kwa saa kadhaa katika joto la takriban nyuzi 54 za Selsiasi, tiba ambayo hudumu wiki chache, muda wa kutosha kunakili yaliyomo basi.

Lakini tuseme kaseti kuukuu zingekuwa nzuri kwa kurekodia. Bado hoja kubwa zaidi ingebaki palepale. Historia ya utepe imejaa taasisi tajiri zilizofuta mambo yasiyorudi kwa sababu ya kubana matumizi. Shirika la utangazaji la BBC lilifuta tepe nyingi za vipindi vyake vya miaka ya 1960 na 1970 ili zitumiwe upya, na hadi sasa linatafuta nakala zilizopotea kwa watu binafsi na katika vituo vya nchi zilizowahi kuuziwa vipindi hivyo. NASA, baada ya kutafuta tepe za awali zilizopokea mawasiliano ya safari ya Apollo 11, ilikiri mwaka 2009 kwamba yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena, wakati shirika hilo lilipokuwa na uhaba wa utepe. Mantiki iliyofuta kumbukumbu ya hatua ya kwanza ya mwanadamu mwezini ndiyo ileile anayoshauriwa leo kijana mwenye studio Nakivale, kwa tofauti moja: picha za Apollo 11 zilibaki katika nakala za televisheni, na wosia wa mama aliyekimbia Kivu hautakuwa na televisheni ya kuubakiza.

Nakivale ni mahali ambapo jambo hili lina uzito wa pekee. Makazi hayo, yaliyotangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, yamepokea baadaye Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Watu wanaokimbia vita hawabebi kabati. Hubeba vitu vidogo, na kaseti, kwa ukubwa wake, ni kitu kinachoingia mfukoni. Zaidi ya muziki wa kununua, kaseti ilikuwa barua kwa wasiojua kuandika au kwa waliotaka sauti ya ndugu ifike pamoja na maneno yake, na matumizi hayo yanafahamika vyema hasa kwa Wasomali, ambao walitumiana mashairi na salamu kwa kaseti kutoka nchi moja hadi nyingine. Kwaya, mahubiri, harusi, hotuba za mahari na vilio vya msiba vilirekodiwa na mtu aliyesimama na redio kaseti karibu na spika, bila kiwanda, bila lebo na bila nakala ya pili.

Mfano ulio wazi zaidi wa thamani ya kaseti za aina hiyo unatoka kwa Wasomali haohao, katika mji wa Hargeysa. Mwaka 1988, ndege za serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, zilipokuwa zikiushambulia mji huo, kumbukumbu za sauti za redio yake zilitolewa na kufichwa, nyingine zikazikwa ardhini. Leo kituo cha utamaduni cha mji huo kina maelfu ya kaseti, nyingi zikiwa zimetoka kwa watu binafsi, na mwaka 2017 sehemu ya hazina hiyo ilitolewa katika albamu ya Sweet as Broken Dates, iliyosikika mbali sana na Pembe ya Afrika. Nyimbo hizo zingekuwapo wapi leo kama katika miaka ya 1990 kila mwenye kinasa sauti angefuata ushauri wa kuzifuta ili apate nafasi?

Watetezi wa ufutaji wana jibu ambalo haliwezi kupuuzwa. Husema kwamba kaseti nyingi zilizoko madukani na majumbani ni nakala za kibiashara za rumba, za injili au za muziki wa Kiganda wa kadongo kamu, zilizodurufiwa kwa maelfu, na kwamba kufuta moja kati yake hakupunguzi kitu chochote duniani. Kuhusu kaseti moja moja hilo huweza kuwa kweli. Kosa liko katika kudhani kwamba mtu anaweza kujua kwa kutazama. Afrika Mashariki iliifuta na kuirekodia upya kaseti ya kununua kwa mbinu ambayo kila mtoto aliijua: vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ambavyo vikivunjwa mashine hukataa kurekodi, vilipokosekana, matundu yake yalizibwa kwa karatasi iliyosokotwa au kwa seloteipu, na mashine ikadanganyika. Kwa hiyo kaseti yenye picha ya mwanamuziki wa rumba Franco nje huweza kuwa na mkutano wa ukoo ndani, na upande wa pili huweza kuwa na mtu mwingine kabisa. Njia pekee ya kujua ni kuisikiliza yote, na kusikiliza kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60, muda uleule unaotumika kuinakili kwenye kompyuta. Anayesema amesikiliza na kuthibitisha kwamba haina maana, na bado hakuihifadhi, amelipa gharama yote ya kuiokoa kisha akaitupa. Na anayesema hana muda wa kusikiliza amekiri kwamba hajui anachokifuta.

Kamukuzi kunatoa ushahidi wa upande mwingine. Hapo ndipo lilipo jumba la Omugabe, mfalme wa Ankole, ambalo lilipoteza mwenyewe wakati falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, na tofauti na Buganda, Bunyoro na Toro, ufalme wa Ankole haukurejeshwa mwaka 1993. Muziki wa Ankole wa zama za ufalme unasikika leo kwa sababu Hugh Tracey alipita Uganda na mashine zake mwaka 1950 na 1952, akaziweka rekodi zake katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, mjini Makhanda. Vivyo hivyo rekodi za Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, zilikwenda London, na miongo mingi baadaye nakala zake zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Inauma kwamba sauti za Uganda zilitunzwa ugenini, na malalamiko juu ya hilo ni ya haki. Lakini malalamiko hayo hayana nguvu kinywani mwa mtu ambaye, akiwa na kaseti ya babu yake mkononi, anaiona kama karatasi tupu. Tracey na Wachsmann walirekodi walichokichagua wao, wageni wenye ratiba na fedha za taasisi. Kaseti za miaka ya 1980 na 1990 ni miongoni mwa za kwanza ambamo wenyeji na wakimbizi walirekodi walichokichagua wenyewe.

Upungufu wa kweli, basi, uko kwenye mashine na mafundi. Utepe mpya unaweza kuagizwa. Lakini mikanda ya mpira inayozungusha kaseti imelegea, rola za mpira zimekuwa ngumu au zimeyeyuka, hedi zimelika, na mafundi redio waliozijua mashine hizo wamegeukia simu kwa sababu simu ndizo zinazolipa. Mwaka 2019 UNESCO na shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, walitoa tahadhari kwamba baada ya takriban mwaka 2025 ingekuwa vigumu sana kuhamisha yaliyomo kwenye tepe za sumaku, na sababu waliyoitaja ni kutoweka kwa mashine za kuchezea, vipuri na ujuzi. Kutumia hedi nzima iliyobaki Mbarara kurekodia wimbo mpya ambao ungeweza kurekodiwa na kompyuta, huku kaseti zinazoihitaji hedi hiyo zikisubiri, ni mpangilio wa mambo uliopinduka. Kazi ya kusoma nayo ina ufundi wake: pembe ambayo ufa wa hedi unaukabili utepe hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, na bila kuirekebisha kwa skrubu yake ndogo kwa kila kaseti, sauti za juu hupotea na msikilizaji hudhani utepe umekufa; vilevile kaseti iliyorekodiwa kwa betri zilizochoka, jambo la kawaida mahali pasipo na umeme wa gridi, husikika ikikimbia kwenye mashine yenye nguvu kamili, ilhali haina kasoro ambayo programu ya kompyuta haiwezi kuirekebisha kwa dakika moja.

Anayesisitiza kurekodi kwa utepe ana njia iliyo wazi, ingawa si rahisi kwa mfuko. Riili moja ya Avranches au ya York hufikia makumi kadhaa ya euro au dola kabla ya nauli, na ikiingia Uganda hukutana na ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo studio tatu au nne za Mbarara zikiagiza pamoja zitagawana nauli na usumbufu wa forodha. Familia za Nakivale nazo zina ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Ulaya, na riili ya kipenyo cha sentimita 26.5 huingia katika sanduku la msafiri bila kuharibiwa na eksirei za uwanja wa ndege, kwa kuwa kinachodhuru utepe ni sumaku, wala si mionzi hiyo. Asiyeimudu gharama hiyo hajapoteza kitu, maana kurekodi kwa kompyuta hakujawahi kuuzuia wimbo mzuri. Na kaseti kuukuu inayoletwa studioni na jirani ivunjwe kwanza vipande vyake viwili vya mgongoni kama bado vipo, karatasi iliyoziba matundu itolewe, izungushwe taratibu hadi mwisho na kurudi ili utepe ulioshikana uachane, hedi ipanguswe kwa spiriti, ndipo ichezwe na kunakiliwa mara moja kwa pande zote mbili, kisha irudishwe kwa mwenyewe pamoja na nakala katika simu yake.